Baiskeli, Pindo la Nguo na Mahari ya Bibi Harusi



Sisi ni mawifi wawili, wazaliwa wa Unguja, tunashona na kuuza nguo za harusi Bariadi, mkoani Simiyu. Leo tunaweka pembeni shela na hina, tuzungumze baiskeli ya kukunja. Wateja wetu wengi wanakaa kilometa mbili au tatu kutoka kazini na sokoni. Nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi, siku sita kwa wiki, inakula faida ya mama mwenye genge. Wengine wanatuuliza: hizi baiskeli ndogo za mtumba wa Japani, zinazoshushwa Unguja na Dar es Salaam, zinamfaa mwanamke wa huku bara? Kwa vile tunapenda historia, tumeona tuanze na zilikotoka, maana historia yenyewe inajibu nusu ya maswali.

Mafundi cherehani wenzetu watafurahi kusikia hili. Katika mji wa Coventry, Uingereza, mwaka 1863 kilianzishwa kiwanda cha kutengeneza vyerehani. Miaka mitano baadaye kijana mmoja, Rowley Turner, alirudi kutoka Paris na chombo cha magurudumu mawili, akamshawishi ami yake aliyekuwa meneja wa kiwanda kile waanze kuvitengeneza. Wakakubali, na mwaka 1869 kiwanda kikabadili jina, neno cherehani likaondolewa. Fundi mkuu pale alikuwa James Starley, mtu aliyekuwa akibuni vyerehani. Mtoto wa ndugu yake, John Kemp Starley, ndiye aliyetoa mwaka 1885 baiskeli iitwayo Rover: magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa, na cheni inayozungusha gurudumu la nyuma. Ndiyo sura tunayoijua mpaka leo. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, akaongeza tairi la upepo, alilolijaribu kwanza kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Kwa hiyo ukikanyaga cherehani yako ya miguu na ukikanyaga pedali, unatumia akili za ukoo mmoja.

Baiskeli ilipokuwa tayari, wanawake wa Uingereza wakagonga mwamba tunaoujua sisi: nguo ndefu. Sketi zao zilifika chini na zilikuwa na kitambaa kingi. Bomba la juu la fremu halikuruhusu kukaa kwa stara, pindo liliingia kwenye cheni, upepo ukafanya mengine. Kabla miaka ya 1880 haijaisha, watengenezaji walishatoa fremu ya kike, bomba la juu likashushwa chini ili mtu apande bila kunyanyua mguu. Gurudumu la nyuma wakalifunika kwa wavu wa kamba nguo isinaswe na spoku, na cheni wakaivalisha kava. Mambo matatu hayo yashikeni, tutayarudia.

Mafundi wa nguo nao hawakukaa kimya. Mwaka 1895 Alice Bygrave, mshonaji wa Brixton, London, alisajili haki ya ubunifu wa sketi ya baiskeli. Ndani ya mishono alificha kamba na vipuli vidogo. Mvaaji akivuta, sketi inapanda mbele na nyuma. Akishuka anaachia, sketi inarudi chini na hakuna anayejua. Kampuni ya Jaeger ikaitengeneza na kuiuza. Tumeisoma habari hii kwa wivu kidogo, maana ni kazi ya fundi wa mtaani aliyetatua shida ya mteja kwa sindano na uzi.

Wengine walichagua kuvaa suruali pana zinazobana chini ya goti, na walikiona. Mwaka 1898 mwanamke wa tabaka la juu, Lady Harberton, alifika na baiskeli yake kwenye hoteli moja ya Ockham, Surrey, akakataliwa kuingia chumba cha kahawa kwa sababu ya mavazi yake, akaonyeshwa upande wa baa. Kesi ikafika mahakamani mwaka uliofuata na mwenye hoteli akashinda. Tunayasimulia haya kwa sababu wapo wanaodhani mwanamke kuulizwa maswali juu ya baiskeli ni jambo la Waislamu peke yao.

Kwetu sisi, mwanamke kupanda chombo si habari mpya. Hadithi sahihi inayojulikana inawasifu wanawake wema wa Kikureshi kuwa ndio bora wa wanawake waliopanda ngamia, kwa huruma yao kwa watoto na uangalizi wao wa mali ya waume. Bado maeneo mengine mjadala umekuwa mkali. Mwaka 2012 Haifaa al-Mansour wa Saudi Arabia alitoa filamu iitwayo Wadjda, ya msichana anayeingia mashindano ya kusoma Qur'ani ili apate pesa ya kununulia baiskeli. Mwaka uliofuata magazeti ya huko yaliripoti kwamba wanawake wameruhusiwa kuendesha katika bustani, wakiwa na mahaarimu wao na wamevaa abaya. Hapa kwetu hakuna sheria inayomzuia mwanamke. Kinachomzuia ni macho ya watu, na kabla ya macho ya watu, ni nani mwenye baiskeli.

Hapo ndipo tunaingia Usukumani.

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Ikashusha bidhaa, ikapakia pamba. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kikatoa mbegu zilizofaa ardhi hii, na kilimo kikasambaa mashariki hadi Maswa, wilaya ambayo zamani Bariadi ilikuwa sehemu yake. (Mkoa wa Simiyu wenyewe ni mchanga, ulitangazwa mwaka 2012.) Miaka ya 1950 ndiyo ilikuwa neema. Wakulima, wakiongozwa na Paul Bomani, walijenga vyama vyao vya ushirika wapate mizani ya haki, na mwaka 1955 ikaundwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Pesa ilipoingia mikononi, vitu vilivyonunuliwa vilikuwa ng'ombe, bati, cherehani na baiskeli.

Raleigh ya Nottingham ilikuwa heshima. Baadaye ikaja Phoenix ya Shanghai, na Swala iliyotengenezwa hapa nchini na NABICO. Zote ni za umbo moja: chuma kizito, tairi la inchi 28, keria pana nyuma na bomba la juu lililonyooka. Baiskeli hiyo ilibeba gunia la pamba mpaka kwenye mizani, ikarudi na chumvi na sabuni. Ilibeba mgonjwa. Mpaka leo utaiona ikibeba madumu ya maji, mkaa na mbuzi. Mjini Shinyanga baiskeli za abiria zikapewa hata jina la daladala. Miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980, bidhaa zilipoadimika madukani, mwenye tairi na tyubu nzuri alikuwa tajiri.

Lakini tutazame palizi na uvunaji wa pamba. Nani aliinama? Mama na watoto, pamoja na baba. Nani aliitwa jina lake kwenye mizani? Baba. Basi baiskeli ikawa yake, na mama akakaa upande kwenye keria, au akatembea nyuma na beseni kichwani. Ile cherehani iliyonunuliwa kwa pesa hiyo hiyo nayo iliwekwa kwenye baraza la duka, na fundi aliyeikalia alikuwa mwanamume. Sisi tunaoshona leo tunalijua hilo vizuri, maana wazee wa hapa bado wanatutania kwamba tumekalia kiti cha wanaume.

Hata bomba la juu lilisema mwenye chombo ni nani. Fremu ya kike ilikuwepo duniani tangu kabla ya reli kufika Mwanza, lakini kwenye njia za pamba ilitawala ya kiume. Mnunuzi alitaka ya kubebea mizigo, na mnunuzi alikuwa baba. Leo mambo yamelegea. Wasichana wanaendesha kwenda shule, na katika mashindano ya baiskeli ya Bariadi wanawake wana mbio zao, wanakimbia umbali unaotutisha sisi wa visiwani. Hata hivyo katika nyumba nyingi bado kuna baiskeli moja, na asubuhi inaondoka na baba.

Sasa baiskeli ya kukunja. Asili yake haina uhusiano na wanawake, ni ya jeshi. Ufaransa miaka ya 1890 Kapteni Gérard aliwapa askari baiskeli inayokunjika wakaibeba mgongoni. Katika Vita vya Pili vya Dunia kampuni ya BSA ya Birmingham ilitengeneza maelfu kwa ajili ya askari wa Uingereza wa miamvuli. Vita vilipokwisha, shida ikawa treni za mijini na nyumba finyu. Andrew Ritchie alianza kubuni ya kwake katikati ya miaka ya 1970, chumbani kwake London, karibu na kanisa la Brompton Oratory, akaipa jina hilo. Mwaka 1982 David Hon, mwanafizikia wa California, alianzisha Dahon, na kupitia viwanda vya namna hiyo baiskeli ya kukunja ikawa ya bei ya watu wa kawaida. Brompton mpya nyingi zinapita pauni 1,000. Hiyo tuwaachie wenyewe.

Tazama fremu yake lakini. Ili ikunjike katikati, nyingi zimeondolewa bomba la juu, limebaki bomba moja nene lililo chini. Magurudumu ni madogo, unapanda bila kurusha mguu, na miguu yote inafika chini ukisimama. Askari na abiria wa treni, bila kukusudia, wamemtengenezea mwanamke wa baibui kile alichotafuta mwanamke wa mwaka 1889. Na inaingia ndani. Baiskeli inayolala chini ya meza ya cherehani haiazimwi ovyo na mashemeji, na haiibwi barazani.

Tuseme pia isichokiweza. Nje ya lami Bariadi ni kichanga, na kwenye mbuga ni udongo mweusi ambao masika unanata kama ugali. Gurudumu dogo linazama, madigadi inajaa tope, unaishia kuibeba. Kwa anayekaa kijijini, au anayebeba gunia la mahindi, Phoenix bado ni mfalme, tafuta tu ya fremu ya kike. Ya kukunja ni ya mtu wa mjini, mwenye mkoba na mfuko wa vitambaa, anayepita barabara iliyoshindiliwa. Tena ni nzuri kwa anayekwenda mnadani kwa basi: inaingia kwenye buti, unashuka Lamadi au Maswa unaendelea.

Ukienda kununua, soma kwanza ubavu wa tairi. Ikiandikwa 20 x 1.75, ni saizi ile ile ya baiskeli nyingi za watoto, na fundi yeyote wa Bariadi ana tairi na tyubu yake. Ikiandikwa 20 x 1 3/8, iache, hata ikiwa rahisi. Ni inchi 20 kwa jina tu, rimu yake ni kubwa kuliko ile na tairi haliingiliani. Hivyo hivyo kwa 16: ya 1.75 ni ya watoto, ya 1 3/8 ni nyingine kabisa. Kisha shika bawaba ya katikati, ifunge, simama mbele ukiwa umebana breki, usukume na kuvuta. Ikicheza au ikilia, au ukiona ufa au rangi iliyovimba kwenye maungio, ondoka. Fanya hivyo pia kwenye bawaba ya usukani, maana hiyo ikiachia unaanguka na uso. Fremu iliyochomelewa upya pale penye bawaba usiiguse kwa bei yoyote. Kava ya cheni na wavu wa nyuma, kama havipo, fundi wa chuma anaweza kuvitengeneza kwa bati jembamba na waya.

Baibui letu la baiskeli ni rahisi kuliko la Bi Bygrave. Tunaweka mkunjo mmoja mkubwa nyuma unaofunguka ukikaa, na mpasuo wa pembeni uliozibwa ndani kwa kipande cha pembetatu cha kitambaa hicho hicho, ili mguu usionekane. Kwenye pindo la upande wa cheni tunashona kitanzi cha lastiki na kifungo ndani kwenye usawa wa goti. Ndani vaa suruali. Ukishuka unafungua kifungo, basi.

Na bibi harusi, wewe una mlango ambao mama zetu wa mashamba ya pamba wengi hawakuwa nao. Mahari ya ng'ombe hupokelewa na baba. Mahari ya nikahi, kwa aya ya 4 ya Surat An-Nisaa, ni yako mwenyewe, na unajua kisa cha sahaba aliyeambiwa atafute hata pete ya chuma. Baiskeli ni chuma zaidi ya pete. Mwambie walii wako mapema, kabla ya posa haijafungwa, aitaje kwa jina. Katika cheti cha ndoa iandikwe baiskeli moja ya kukunja, tairi 20 x 1.75, ikiwa imelipwa au ni deni, na risiti ya duka itoke kwa jina lako pamoja na namba iliyogongwa kwenye fremu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inakubali mke kuwa na mali yake. Namba ya fremu mara nyingi iko chini ya pedali, ipindue baiskeli uisome mwenyewe kabla hujalipa.