Dhima ya Mtia Moto

Kamati moja ya istilahi imetupatia "uwajibikaji wa kisheria kwa wanyama waathiriwa wa moto wa kukusudia". Hapa Muyeye, Pwani, nimewasomea watu kadhaa msururu huo wa maneno, na kila aliyeusikia aliuliza: wanyama wanawajibikia nini? Wameuliza vizuri. Anayedaiwa ni aliyetia kiberiti, na msururu mzima haukumtaja.

Neno ninalolitetea ni dhima.

"Wajibu" linatokana na Kiarabu, wajaba, yaani kulazimu. Maana yake nyingine ya kale ni kuanguka, kama anavyoanguka kwa ubavu ngamia aliyechinjwa. Kwetu limezaa kuwajibika. Karani mvivu huambiwa awajibike, mbunge vilevile, na mzazi asiyekagua daftari za mwanawe. Ni neno la kuhimiza kazi, na hulazimu hata pale ambapo hakuna aliyeumizwa. Dhima ina asili nyingine kabisa. Kwa Kiarabu, dhimma ni ahadi, amana, himaya: aliye katika dhimma yako yuko chini ya ulinzi wako. Mafakihi wakaliita jina hilohilo lile bega la mtu linalobeba madeni yake. Ndiyo maana mazikoni huku Pwani husimama mtu akauliza nani anamdai marehemu. Deni haliozi na mwili, limo katika dhima yake. Basi neno moja limebeba aliyelindwa na pia deni la aliyeuvunja ulinzi huo. Uwajibikaji haumjui kabisa aliyelindwa, na hilo ndilo kosa ambalo wanakamati hawakuliona, au waliliona wakaona uvivu kulirekebisha.

Wapo wanaosema dhima imeshachukuliwa na walimu wa fasihi, wenye dhima ya methali na dhima ya mhusika. Hoja hiyo ni nyepesi mno kutolewa na watu wenye shahada. Mizani iko sokoni na iko katika shairi, na hakuna aliyewahi kuzichanganya.

Tofauti hii ya dhima na uwajibikaji ina uzito sheriani. Kifungu cha 338 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya humtia hatiani anayemuua au kumjeruhi kwa makusudi mnyama anayeweza kuibwa. Kifungu cha 267 nacho kinasema mnyama wa porini aliye huru haibiki, ila mzoga wake unaibika. Mbuzi wa jirani, kwa hiyo, yumo. Sange wa Arabuko-Sokoke, yule mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, angali hai hayumo. Naye hulala katika kiota cha majani makavu, chini kabisa, na majani hayo ndiyo ya kwanza kushika moto kaskazi inapovuma. Mtoto wake aliye kiotani hana mbio za kumwokoa. Ni kweli, wanyama wa porini wana sheria yao ya 2013. Lakini ukizungumza lugha ya mali na fidia, utaulizwa mwenye mali ni nani. Kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010 kimeshaliondoa swali hilo: anayekwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Hapo hakuna mwenye mali, lakini mdaiwa yupo. Dhima inamtosha, istilahi ya kamati inamkosa.

Nje ya mahakama pia mnyama husahauliwa. Agosti 2020 Tsavo ilipowaka, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza kwamba linashuku moto uliwashwa kwa makusudi. Taarifa za aina hiyo huhesabu ekari. Wanyama hutajwa mwishoni, kama wametajwa.

Kwa matumizi: dhima ya jinai mtu anaposhtakiwa, dhima ya madai anapodaiwa gharama, na mtia moto kwa mtendaji.

Niliwaandikia wanakamati haya yote mapema, kabla kitabu chao cha istilahi hakijakwenda kwa mchapishaji. Nilijibiwa kwa sentensi moja, kwamba dhima "ina harufu ya dini". Haki nayo imetoka hukohuko, na hukumu, na hakimu mwenyewe, na hakuna hata moja kati ya hayo walilolifuta kitabuni mwao. Nasubiri waniambie dhima imekosa nini ambacho hayo yanacho.