Kutoka Siwindhe Hadi Kikao cha Ushauri

Katika boma la Kijaluo la zamani, mtoto akishaachishwa ziwa hakulala tena na mamake. Alihamia siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee, akalala chini na watoto wenzake, usiku wakisimuliwa hadithi na kutegewa vitendawili. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo waliieleza nyumba hiyo katika kitabu chao *Siaya* cha mwaka 1989. Mimi nilikuta mabaki yake tu kwa nyanya yangu, upande wa Rongo. Mtoto aliyefiwa alipelekwa kulala kwake, na hakuna aliyemuuliza maswali.

Sisemi ilikuwa tiba. Lakini mtoto alipata mtu mzima mwenye muda, na wenzake gizani.

Ukimwi ulikuja ukawachukua wazazi, ukamwachia nyanya kazi za watu wanne. Miaka ya 1990 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika iliyokuwa wilaya ya South Nyanza, na Jumamosi zetu zilikuwa za mazishi. Nyanya aliyekuwa akisimulia hadithi sasa alilima mchana, jioni akauza omena. Usiku alikuwa hoi. Rais Moi alitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, na dawa zikafuata polepole. Hata katika utafiti wa taifa wa 2018, karibu mtu mzima mmoja kati ya watano katika kaunti ya Homa Bay alikuwa na virusi.

Namkumbuka mvulana wa darasa la nne aliyerudi shuleni amenyolewa baada ya kumzika mamake. Aliambiwa ajikaze. Kila msafara wa jeneza ulipopita barabarani ukipiga honi, magari yamefungwa matawi, aliingia chini ya dawati akaziba masikio. Mwalimu wa zamu alimchapa kwa utoro wa akili. Ndivyo ulivyoitwa.

Jibu lililopimwa vizuri, tiba ya mazungumzo kwa watoto waliofiwa, lilikuja baadaye, Bungoma nchini Kenya na Moshi nchini Tanzania. Washauri hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa. Watoto 640 waliofiwa na mzazi au wazazi, wenye umri wa miaka 7 hadi 13, walishiriki katika utafiti huo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Waliopewa tiba walikaa kwa vikundi, walezi nao wakawa na kikundi chao. Lakini kusimulia kifo chenyewe, mtoto alifanya peke yake na mshauri. Uamuzi huo naupenda: kijijini siri ya ugonjwa wa mama si ya kumwagwa mbele ya watoto wa jirani. Mwaka mmoja baadaye, nafuu ya tiba ilikuwa bado inaonekana Bungoma. Moshi tofauti haikuonekana, kwa kuwa hata wasiopewa tiba hiyo walikuwa wamepata nafuu.

Kwa hiyo tusibebe mwongozo wa Bungoma mzimamzima hadi Ziwa Victoria. Mtoto wa kisiwa cha Mfangano ambaye babake alizama na mwili haukuonekana hana kaburi la kuaga. Wazee walilijua hilo: walizika tunda la yago mahali pa maiti. Mshauri asiyejua yago atamwambia mtoto huyo amwandikie marehemu barua, na mtoto atauliza ipelekwe wapi. Ukivuka hadi Kehancha, kwa Wakuria, utakutana na msichana aliyekimbia kukeketwa. Wazazi wake wako hai. Huyo ukimwekea kikundi cha walezi, umemrudisha kwa wale wale aliowakimbia.

Wa kuifanya kazi hii wapo. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wanalipwa posho, na wamepewa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari. Wanaingia kila boma na wanajua lugha ya wenyeji. Serikali za Migori na Homa Bay ziwafunze kumsikiliza mtoto, ziwaite na kina nyanya wachache wenye masikio, na ziwalipe wote kwa wakati.