Historia ya Neno "Jejune"

Kivumishi cha Kiingereza "jejune" chatokana na neno la Kilatini "jejunus", yaani aliyefunga, mwenye tumbo tupu. Sehemu ya utumbo mwembamba iitwayo "jejunum" ilipata jina hilo kwa sababu matabibu wa kale waliopasua maiti waliikuta tupu. Cicero alikwisha kulitumia neno hilo kwa usemi mkavu. Katika karne ya 17 Waingereza waliliazima, wakalitumia kwa chakula kisicho na lishe na kwa maandishi yasiyoshibisha akili.

Baadaye ikazuka maana ya utoto. Yaaminika kuwa watu walilihusisha na "juvenis" la Kilatini au "jeune" la Kifaransa, yenye maana ya ujana, ingawa hayana nasaba nalo. Maana hiyo nayo imekwisha kuingia katika kamusi.

Basi mfasiri na achunguze muktadha kwanza. Iwapo hoja haina kiini, tunalo neno letu "chapwa", lisemwalo kwa mchuzi uliokosa chumvi. Iwapo yakusudiwa kukosa upevu, "hoja ya kitoto" yafaa. Kuzichanganya maana hizo ni kumsingizia mwandishi jambo asilolisema.