Figo katika Tarikhi ya Viuavijasumu

Katika tarikhi ya viuavijasumu, yaani dawa zinazoua viini vya maradhi, wavumbuzi husifiwa sana, na figo husahauliwa. Lakini tangu mwanzo figo ndizo zilizoamua dawa nyingi katika hizo zikae mwilini kwa muda gani.

Mnamo Februari 1941, katika hospitali ya Radcliffe Infirmary mjini Oxford, askari polisi Albert Alexander alitiwa penisilini. Dawa ilikuwa haba, na figo zake zikiitoa upesi, hata wataalamu wakaukusanya mkojo wake ili waipate tena humo. Alianza kupata nafuu. Dawa ikaisha, naye akafariki mwezi wa Machi. Siku hizo figo nzima ilionekana kama mwivi, na baadaye ilipatikana dawa ya probenesidi ya kuizuia isiitoe penisilini kwa haraka.

Streptomisini, iliyotangazwa Marekani mwaka wa 1944, iligeuza shauri. Njia yake kubwa ya kutoka mwilini ni figo. Zikidhoofika, kipimo kinachomfaa mwenye afya humlimbikia mgonjwa na kumdhuru masikio: hupepesuka, na pengine huwa kiziwi. Jentamisini, iliyovumbuliwa katika miaka ya 1960, ina tabia hiyo hiyo, tena yaweza kuziumiza figo zenyewe.

Miaka hiyo hiyo ilileta furosemaidi, dawa kali ya kuongeza mkojo, ambayo iliwafariji wengi waliovimba kwa maradhi ya moyo. Hapa yafaa fikira itahadhari. Wingi wa mkojo si wingi wa kuchujwa kwa damu. Furosemaidi hutoa maji na chumvi. Haizidishi nguvu ya figo ya kuchuja. Mgonjwa akikaushwa mno, damu iendayo kwenye figo hupungua, na jentamisini hukawia kutoka. Furosemaidi nayo, ikizidi, yaweza kudhuru masikio. Hivyo madhara mawili hukutana mahali pamoja.

Mwaka wa 1976, Cockcroft na Gault wa Kanada walitoa hesabu ya kukadiria kazi ya figo kwa umri, uzito na kreatinini ya damu. Kwa hesabu hiyo daktari aweza kupunguza kipimo au kurefusha muda baina ya sindano. Hata hivyo hesabu yataka kreatinini iliyotulia. Figo zinazobadilika siku kwa siku huipotosha.

Basi, kipimo cha dawa hakikuwa kamwe sifa ya dawa peke yake. Ni mapatano baina ya dawa na figo za mgonjwa aliyepo, nazo hazina budi kupimwa tena na tena.