Urefu wa Riwaya ya Kifantasia: Hoja Kutoka Lubumbashi

Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya mbili za Euphrase Kezilahabi, kila moja husomeka kwa kikao kimoja. Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), inayohusu nchi iliyo angani, nayo ni kijitabu. Mwenye kuzilinganisha na mabuku ya Tolkien hushawishika kusema kwamba waandishi wetu huishiwa pumzi mapema. Wengine husingizia bei ya karatasi. Lakini The Lord of the Rings ilitolewa kwa juzuu tatu, 1954 na 1955, kwa kuwa karatasi ilikuwa ghali Uingereza baada ya vita, na bado haikufupishwa. Nadai kwamba urefu wa fantasia huamuliwa kwanza na kile ambacho msomaji anakijua kabla hajafungua kitabu.

Ushahidi wangu ni Lubumbashi. Mji huu, ulioanzishwa na Wabelgiji mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, ulizaa fantasia yake katika kambi za wachimba shaba. Watu walisimuliana habari za batumbula, waliodaiwa kuwanasa Waafrika usiku ili waliwe na Wazungu. Msomaji wa pwani atawatambua: ni ndugu wa mumiani. Kisa hiki hakikuhitaji utangulizi. Msikilizaji aliijua kambi, alilijua giza lake, alijua pia kwamba aliyepotelewa na nduguye hana wa kumuuliza. Sentensi chache zilitosha. Wachoraji wa mji walikimaliza kisa katika turubai moja, iliyoitwa Simba Bulaya; picha ikatundikwa sebuleni, masimulizi yakabaki kazi ya mwenye nyumba.

Tazama pia maandishi ya André Yav ya mwaka 1965, historia ya mji kwa Kiswahili cha Lubumbashi, iliyoandikwa kwa ajili ya waliokuwa watumishi wa nyumbani. Si fantasia, ila desturi ya kutoeleza yanayojulikana ni ile ile. Matini ina kurasa thelathini na ushei za taipureta. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipoichapisha mwaka 1990 kwa wasomaji wa mbali, pamoja na tafsiri na maelezo, kitabu kilipita kurasa 200. Kilichoongezeka ni yale ambayo wenyeji hawakuhitaji kuambiwa.

Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi anayeishi Graz, alikabili hali ya kinyume. Riwaya yake Tram 83 ilitoka Paris mwaka 2014, kwa Kifaransa, ikiwa na mji-nchi wa kubuni usiotajwa jina, wenye migodi, reli na baa. Wasomaji wake wengi huja mikono mitupu. Ndiyo maana mwandishi hurundika orodha ndefu za wateja, kazi na vyakula, mpaka mji usimame. Binafsi baadhi ya orodha hizo zilinichosha, lakini zinabeba mzigo ambao katika kisa cha batumbula ulibebwa na kambi yenyewe.

Atakayenipinga atataja Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, wenye beti zaidi ya elfu moja, ambao hadhira yake ilikuwa na habari za Mtume tangu utotoni. Pingamizi hili ni zito. Jibu langu ni kwamba ujuzi wa hadhira huruhusu ufupi, haulazimishi. Utendi ulirefushwa na raha ya kughani, wala si haja ya kufafanua.

Kwa hiyo kipimo cha kuhesabu maneno hakifai. Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell imetaka miswada ya riwaya isipungue maneno 50,000. Kwa sharti hilo Nagona isingepokelewa mlangoni, wala kijana wa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, anayewaandikia jirani zake kisa kipya cha batumbula. Waandaaji wa tuzo na wachapishaji waiondoe idadi hiyo, wawaachie wasomaji wa miswada waamue kama ulimwengu uliobuniwa umesimama.