Mchoro uliosimama kama shahidi: Vile wazee wa jangwani walidai shamba lao kwa rangi

Ukicheki michoro ya Waaborijini wa Australia haraka haraka, unaweza dhani ni madoadoa tu ya kupamba ukuta wa hoteli. Tulia kwanza. Kuna mchoro mmoja wao uliwahi kutumika kama ushahidi kwa kesi ya ardhi, na wenyewe wakashinda.

Unaitwa Ngurrara. Kwa lugha ya Walmajarri, hiyo ni "nyumbani". Wenye nyumbani hapo ni jamii kadhaa za Great Sandy Desert, Australia Magharibi. Wengi wao walikuwa wametoka jangwani wakaenda kufanya kazi kwa ranchi za ng'ombe za wazungu. Miaka ya 90 wakadai ardhi ya mababu zao. Noma ilikuwa hapa: maneno yote ya kesi ni Kiingereza cha mawakili, na hakuna mzee ana karatasi yoyote.

Basi mwaka 1997 wakakutana pahali panaitwa Pirnini, wakatandika turubai chini, mita 8 kwa 10. Hapo unaweza park magari kadhaa na nafasi ibaki. Wasanii kama 40 wakakaa juu yake na brashi, kila mtu akichora kwao. Si kwa jirani, kwao. Kuchora pahali hukupewa na wazee wako ni kuiba kabisa.

Walichochora zaidi ni maji. Jila ni visima ambavyo havikauki, na kila kimoja kina hadithi yake na wenyewe. Siku ya kutoa ushahidi, turubai ikatandikwa tena. Mzee anasimama juu ya kipande chake, anaongea lugha yake, anaonyesha kwa mguu: hapa ndio kwetu.

Hukumu ilikuja 2007, miaka kumi baadaye. Zaidi ya kilomita mraba 70,000 zikatambuliwa kuwa zao. Ukijumlisha Rwanda na Burundi, bado hazifiki hapo. Lakini wasanii wengine walikuwa washakufa wakingoja.

Siku ukipatana na michoro ya jangwa hilo, angalia miduara iliyo ndani ya miduara: mara nyingi ni kisima ama kambi. Alama kama U ni mtu ameketi. Hizo utaelezwa bure. Za siri za jando huelezwi, hata ukuje na doo ya kununua mchoro wote.