Cheo cha Mkuu na Imani ya Watu

Mwaka 1878 msafara wa Mapadre Weupe ulifika Tabora ukagawanyika. Wengine walishika njia ya Tanganyika wakafika Ujiji mwaka 1879. Wengine walikwenda Buganda, wakawakuta walimu wa Kiprotestanti waliowatangulia tangu mwaka 1877. Twataka kueleza yaliyotokea huko Buganda, kwani yana mafundisho kwetu sisi wa Kasanga na Ufipa.

Wengi walioamini kwanza walikuwa vijana wa nyumba ya Kabaka. Mwaka 1886 Kabaka Mwanga aliwachoma moto Namugongo, Waprotestanti na Wakatoliki pamoja. Siku zile imani haikumpatia mtu cheo, bali kifo.

Kufika mwaka 1890 mambo yaligeuka. Wakristo waliokuwa wamefukuzwa walirudi, wakamrudisha Mwanga kitini, wakagawana vyeo nusu kwa nusu. Apolo Kagwa, Mprotestanti, akawa Katikiro. Katika mapatano yao, mkuu akigeuza dini alipaswa kuacha cheo chake. Basi imani ikafungwa pamoja na shamba. Januari 1892 ndugu walioteswa pamoja walipigana Mengo. Wakatoliki walishindwa, wakapewa nchi ya Buddu, na wakuu wa Kiprotestanti waliokuwako huko wakahama.

Lakini tusiwalaumu tu. Wakuu wale walijenga makanisa na kuwatunza walimu. Mmoja wao, Nikodemo Sebwato, alitiwa ushemasi mwaka 1893. Mwaka ule ule wakuu 40 wa Kiprotestanti walitia sahihi kwamba watumwa waachwe huru.

Ulaya nako yalitokea kama hayo. Katika nchi za Poland na Lithuania, bwana mkubwa Mikołaj Radziwiłł alifuata Uprotestanti, akatoa fedha zake ili Biblia ya Kipolandi ichapwe mjini Brest mwaka 1563. Alikufa mwaka 1565. Mwanawe akarudi katika Ukatoliki, na yasemwa kwamba alizinunua Biblia za baba yake akaziteketeza. Makanisa mengi ya mashamba yaligeuka vivyo hivyo: bwana alipogeuka, kanisa likageuka. Wakulima hawakuulizwa, na wengi wao hawakujua kusoma.

Twaona tofauti hapo. Buganda mwamini aliitwa msomaji, na aliyetaka ubatizo alijifunza kusoma, awe mkuu au mtu wa kawaida. Biblia ya Kiganda ilipokwisha kutafsiriwa yote mwaka 1896, iliingia katika nyumba za wadogo pia. Hata mkuu alipoondolewa, wasomaji walibaki.

Mkuu aweza kutoa miti na majani ya kujengea kanisa, nasi twamshukuru. Kuamini hawezi kuamini kwa ajili yetu. Kwa hiyo kila mzazi ampeleke mtoto wake shuleni, wa kiume na wa kike, apate kusoma mwenyewe kile anachokiamini.